Kidahwe na Mstari wa Majimbo: Mipaka, Majina na Watu kati ya Ujiji na Uvinza

Barabara itokayo Kigoma mjini kwenda bara, baada ya mwendo wa kilomita 28 hivi, hufika Kidahwe na hapo hugawanyika. Tawi moja lapanda kaskazini kwenda Kasulu, Kibondo na Nyakanazi; la pili laelekea kusini-mashariki hata Uvinza, umbali wa kilomita 76.6. Kwa sababu hiyo jina la Kidahwe limeandikwa mara nyingi zaidi katika mikataba ya barabara kuliko katika vitabu vya historia, na mtu aisomaye mikataba hiyo aweza kudhani kwamba Kidahwe ni ncha ya barabara tu, wala si mahali pakaapo watu. Lakini Kidahwe ni kata, na tangu mwaka 2012 ni kata ya mpakani. Mwaka huo Wilaya ya Kigoma iligawanywa na Wilaya ya Uvinza ikaundwa. Kidahwe ikabaki upande wa Kigoma, na Kandaga na Kazuramimba, zilizo mbele yake katika njia ya Uvinza, zikahesabiwa upande wa pili. Apitaye njiani hawezi kuutambua mpaka huo kwa sikio wala kwa jicho: Kiha kisemwacho ni kilekile, na mihogo na michikichi ni ileile.

Hata hivyo mstari huo haukuzaliwa mwaka 2012. Ulikuwapo kabla yake, si kama mpaka wa wilaya, bali kama mpaka wa majimbo ya uchaguzi. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2005 na ule wa 2010 Wilaya ya Kigoma, ukiuacha mji, ilikuwa na majimbo mawili, Kigoma Kaskazini na Kigoma Kusini, na wilaya mpya ya Uvinza kwa jumla ni lile jimbo la kusini lililopewa jina jingine na mkuu wa wilaya wake. Kwa kawaida jimbo hufuata wilaya; hapa wilaya ilifuata jimbo. Mstari uliokusudiwa kugawa kura ukageuka kuwa mstari wa kugawa hospitali, shule, ushuru wa samaki na mashauri ya ardhi. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni nini hasa kilichokatwa na mstari huo, na kwa nini wale waishio mwambaoni mwa ziwa, upande wa kusini, ndio ambao mzigo wake uliwaelemea zaidi.

Ramani ya kale haina Kigoma Kaskazini wala Kusini. Burton na Speke walipofika ziwani mwezi wa Februari 1858, nchi ya kwanza waliyoikuta mwambaoni iliitwa Ukaranga, nayo ilikuwa kusini ya mto Luiche; kutoka hapo walichukuliwa kwa mitumbwi hata Ujiji. Na Ujiji, kama maandiko ya Burton yaonyeshavyo, lilikuwa jina la nchi, si la mji. Makazi aliyofikia yaliitwa Kawele. Kiambishi chenyewe chatosha kuwa ushahidi: U- ya Ujiji ni ileile ya Uvinza, Ukaranga na Uha, yaani nchi ya watu fulani, katika Kiha ni Bu-, ndipo watu wa milimani wakasema Bujiji na Buha. Kwa muda wa miaka mia na zaidi jina la nchi limepungua hata kuwa jina la mji mmoja, na hatimaye nusu ya jina la manispaa, Kigoma-Ujiji. Ukaranga nao umetoweka kabisa katika orodha za utawala. Mtu wa leo atafutaye Ukaranga katika ramani ya kata hatauona, ijapokuwa wasafiri wote wa karne ya 19 waliuandika kama nchi kamili yenye mipaka.

Mipaka ya wakati ule haikupimwa kwa kamba, bali kwa hongo. Stanley, alipokuwa akielekea Ujiji mwaka 1871 na njia ya kawaida imezibwa na vita vya Mirambo, alipita Uvinza na Uha, na kila alipoingia katika nchi ya mtawala mwingine alidaiwa nguo. Mwisho aliwatoroka Waha usiku, akiongozwa na mwenyeji kupita porini, ili asilipe tena. Masimulizi yake yana majivuno mengi, lakini kwa mwanahistoria wa mipaka yana faida moja: orodha ya hongo ni orodha ya mamlaka. Yaonyesha kwamba kati ya Malagarasi na ziwa hapakuwa na nchi moja yenye mkubwa mmoja, bali nchi kadhaa ndogo, na kwamba eneo ilipo Kidahwe sasa lilikuwa katika ukanda wa mpito kati ya milima ya Waha, mabonde ya Luiche na njia ya chumvi.

Milimani palikuwa na tawala za Waha: Heru, Buyungu, Muhambwe, Bushingo, Luguru na Bujiji, pamoja na Nkalinzi iliyokuwa peke yake. Kila moja ilikuwa na mwami wake, na chini ya mwami palikuwa na watware waliotawala sehemu za nchi. Tena palikuwa na wateko, ambao mamlaka yao yalikuwa juu ya ardhi na matambiko yake, nao walikuwa wenyeji wa zamani zaidi kuliko ukoo wa mwami. Katika Bujiji mpangilio huu ulikuwa na ajabu moja ambayo wasafiri hawakuiacha. Mwami alikaa milimani, wala hakuruhusiwa kuliona ziwa. Stanley, aliyerudi Ujiji mwaka 1876, aliandika kwamba mtawala huyo aliamini angekufa mara tu macho yake yangeona maji yale mapana. Shughuli za mwambaoni zilikuwa mikononi mwa mkubwa mwingine. Wakati wa Burton alikuwa Kannena wa Kawele. Haifai kuicheka imani hiyo kama walivyofanya Wazungu. Ilikuwa ni sheria ya katiba kwa lugha ya miiko: nchi kavu na ziwa ni mambo mawili, na atawalaye kimoja asijitie katika kingine.

Kwa kweli ziwa lilikuwa na watu wake na mambo yake. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Ujiji kabla ya Burton, na baada ya miaka ya 1860 idadi yao ikaongezeka. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wao, alitambuliwa na Sultani Barghash wa Unguja mwaka 1881 kama mwakilishi wake, bendera nyekundu ikapandishwa. Lakini walioujaza mji hawakuwa Waarabu, ambao hata siku za nguvu zao walikuwa wachache. Waliojaza mji walitoka ng'ambo ya ziwa: Wabwari wa rasi ya Ubwari, Wagoma, Wabembe, Waholoholo, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu. Baadhi walikuja wakiwa watumwa au watoto wa watumwa, baadhi wakiwa wapiga kasia, wachukuzi na askari wa misafara, na wengine wakiwa wafanya biashara kwa nafsi zao. Mjini Ujiji wote hao wakaitwa Wamanyema. Jina hilo lastahili kuangaliwa na mwanaisimu, maana si jina la kabila kwa maana ya asili moja wala ya lugha moja. Ni jina ambalo mtu hulipata kwa kuvuka maji. Aliye Mbembe huko Fizi alikuwa Mmanyema Ujiji, na lugha iliyomuunganisha na mwenziwe ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili hicho ndicho kilichoufanya mwambao wote wa ziwa kuwa kama nchi moja isiyo na mwami. Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878 na kulizunguka ziwa kwa miaka mingi akilipima, aliwakuta waungwana wasemao Kiswahili katika bandari baada ya bandari. Mtafiti wa Kijapani Shun'ya Hino, aliyekaa Ujiji katika miaka ya 1960, aliona kwamba wenyeji wa mji ule walijiita Waswahili kwa maana ya namna ya maisha: dini, mavazi, ujirani wa mtaa, na lugha. Mtu wa milimani alikuwa Muha kwa kuzaliwa. Mtu wa Ujiji alikuwa Mswahili kwa kukaa.

Wajerumani walipoweka kituo chao Ujiji mwaka 1896, chini ya Kapteni Ramsay, waliziunganisha nchi hizo mbili kwa mara ya kwanza chini ya ofisi moja. Wilaya yao iliitwa Udjidji, na ilitawala ziwa na Buha pamoja. Lakini reli ilipofika mwambaoni mwezi wa Februari 1914 haikufika Ujiji, ambako kina cha maji ni kidogo, bali Kigoma, ambako ghuba ni nzuri. Ofisi, bandari na ghala zikafuata reli. Vita vikafuata upesi. Wabelgiji waliuteka mji mwezi wa Julai 1916 wakakaa hata mwaka 1921, na walipoondoka waliacha nyuma haki ya bandari yao wenyewe Kigoma, ile iliyoitwa Belbase. Urundi na Ruanda zikabaki kwao, na mpaka wa kaskazini, kati ya Buha na Burundi, ukapimwa na tume ya Waingereza na Wabelgiji katika miaka ya 1920. Upande wa magharibi hapakuwa na haja ya kupima, kwa kuwa mkataba ulikwisha kuupitisha mpaka katikati ya maji. Hivyo mwambao wa Ujiji, uliokuwa kitovu cha jamii ya pande zote mbili za ziwa, ukawa ukingo wa nchi. Ndugu wa ng'ambo akawa mgeni.

Waingereza walikuja na utaratibu wa kutawala kwa njia ya wakubwa wa kienyeji, uliowekwa na Gavana Cameron na kutiwa katika sheria ya mwaka 1926. Utaratibu huo ulihitaji kabila, na kabila lilihitaji mkubwa. Kwa Buha kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa wami walikuwapo. Miongoni mwao baadaye alikuwa Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyejulikana katika Tanganyika nzima katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Kwa Ujiji haikuwa rahisi hata kidogo. Wamanyema hawakuwa na mwami, wala hawakuwa tayari kuwekwa chini ya mwami wa Waha. Kwa hiyo mji ukawekewa liwali, kwa desturi iliyoazimwa pwani. Hapo ndipo ulipochorwa mstari wa kwanza wa ndani ulio na maana kwa uchaguzi wa baadaye: mji upande huu, nchi ya Waha upande ule. Jimbo la Kigoma Mjini, pamoja na sifa yake ya kuwa na siasa zake lenyewe, lina mizizi katika mstari huo wa liwali kuliko katika sheria yoyote ya uchaguzi. Kigoma yenyewe ilikuwa jimbo la utawala kwa miaka michache tu; mwaka 1932 ikatiwa katika Jimbo la Magharibi na mambo yake yakaamuliwa Tabora.

Lakini mwambao hauishi pale mji uishapo. Kusini ya Luiche, kupita mdomo wa Malagarasi penye Ilagala, upo mwambao mrefu: Sunuka, Sigunga, Herembe, Igalula, Buhingu, Kalya. Watu wake ni Watongwe, Wabende, Waholoholo, Wabembe na Waha waliohamia, na lugha ya bandarini ni Kiswahili. Mwambao huu haukuwa chini ya liwali wa Ujiji, wala haukuwa sehemu ya Buha. Kwa mtawala aliyehesabu makabila ulikuwa mabaki. Kwa mvuvi ulikuwa barabara kuu.

Na mashariki yake, mahali ambapo Ruchugi hukutana na Malagarasi, ndiko kwenye chumvi ya Uvinza. Uchunguzi uliofanywa na Sutton na Roberts na kutangazwa mwaka 1968 ulionyesha kwamba chumvi ilipikwa huko tangu nusu ya kwanza ya miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo, yaani kabla ya ukoo wowote wa watawala unaojulikana katika nchi zile. Katika karne ya 19 watawala wa Wavinza walitoza chumvi na kivuko cha Malagarasi. Wajerumani waliweka mtambo wao na kupaita Gottorp. Uvinza basi ulikuwa na jina lenye nguvu, lililojulikana Tabora na Ujiji. Nguvu hiyo ya jina ndiyo iliyolifanya, mwaka 2012, litandazwe juu ya mwambao wote wa kusini, hata juu ya watu wa Kalya ambao si Wavinza, hawajapata kuwa Wavinza, na mpaka wa sasa umewatia humo bila kuwauliza asili yao.

Baada ya uhuru serikali iliondoa utawala wa machifu, mwaka 1963, na kwa kitendo hicho majina ya tawala za kale yalipoteza ofisi zao, ijapokuwa hayakupotea midomoni. Kisha ikaja Operesheni Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyokusanya watu katika vijiji. Mabadiliko hayo hayakuwa sawa kila mahali. Katika nchi ya Kidahwe na Simbo yalivuta watu kwenye barabara. Kusini, Watongwe waliokaa wametawanyika katika milima ya Mahale waliteremshwa mwambaoni, na mwaka 1985 milima ile ikafanywa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo mwambao wa kusini ukajaa watu wakati uleule ambapo nchi ya nyuma yake ilifungwa. Njia yao pekee ya uhakika ikabaki ziwani: meli ya Liemba iliyounganishwa na Wajerumani Kigoma na kurudishwa kazini na Waingereza mwaka 1927, na maboti ya mbao ya watu binafsi.

Ni katika hali hiyo majimbo yalipochorwa. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 75, yaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kuigawa nchi katika majimbo kwa kibali cha Rais, na kuuchunguza upya mgawanyo huo angalau kila baada ya miaka 10. Tena yaiagiza izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayasemi kama ziwa ni njia au ni kizuizi. Kwa mhandisi wa barabara ziwa ni mahali barabara iishiapo. Mstari kati ya Kigoma Kaskazini na Kigoma Kusini wafuata fikira ya mhandisi: wafuata mahali barabara zigawanyikapo, na mwambao waupokea kama mkia wa nchi kavu.

Hesabu zenyewe zaonyesha jinsi mstari ulivyoleta uzito usio sawa. Katika sensa ya mwaka 2012 Wilaya ya Kigoma, iliyobaki na jimbo la kaskazini, ilikuwa na watu 211,566. Uvinza ilikuwa na 383,640. Mbunge mmoja huku, mmoja kule. Katika Mkoa mzima tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa Kakonko ilikuwa na watu 167,555 na halmashauri ya Kasulu vijijini 425,794, na kila moja ilikuwa na mbunge mmoja. Tangu uchaguzi wa 2015 Mkoa wa Kigoma umekuwa na halmashauri 8 na majimbo 8, kila jimbo na halmashauri yake. Utaratibu huo wapendeza macho ya karani. Lakini una maana kwamba hakuna tena mstari wa pili wa kusahihisha makosa ya ule wa kwanza: mtu aliyewekwa mbali na baraza lake kwa mpaka wa wilaya amewekwa mbali na mbunge wake kwa mpaka uleule.

Haki yataka isemwe pia kwamba mgawanyo ulikuwa na sababu njema. Kabla ya 2012 halmashauri moja ilitakiwa kuhudumia nchi itokayo Kagunga, mpakani mwa Burundi, hata Kalya, mwisho wa kusini, na tena hata Nguruka, mbali mashariki katika njia ya reli. Mtu wa Nguruka alipata faida dhahiri kwa makao ya wilaya kuwekwa Lugufu, palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kongo, kwa kuwa Lugufu ni karibu naye kuliko Kigoma. Mtu wa Kazuramimba naye hakupoteza neno. Faida yao ni ya kweli, na asemaye kwamba Uvinza isingaliundwa awasahau.

Mtu wa Buhingu au wa Kalya hali yake ni nyingine. Soko lake la dagaa na migebuka ni Kigoma, na boti lake laenda Kigoma. Ndugu zake wako Ujiji. Ili afike makao ya wilaya yake kwa njia aliyoizoea, yampasa kwanza apande boti hadi Kigoma, yaani aingie katika wilaya nyingine, ndipo apande gari, apite Kidahwe, na kurudi bara hata Lugufu. Njia ya nchi kavu kwa upande wa Ilagala ilitegemea kivuko cha Malagarasi, na mbele yake barabara za mwambaoni zilikuwa mbovu majira ya mvua. Mpaka uliodhaniwa kuwa umeileta serikali karibu na watu umeileta karibu na watu wa barabara, na watu wa maji umewapa safari ya pembe tatu. Yule mwami wa Bujiji aliyekatazwa kuliona ziwa angaliuelewa mpango huu bila kuelezwa, isipokuwa kwamba yeye alikuwa na Kannena mwambaoni.

Liko na jambo zito kuliko safari. Watu wa mwambao, kwa sababu asili yao iko pande mbili za maji, wamezoea kuulizwa uraia wao, na neno Mmanyema au Mbembe katika kinywa cha ofisa laweza kugeuka kuwa swali la kuandikishwa au kutoandikishwa katika daftari la wapiga kura. Katika wilaya ambayo makao yake yako mwambaoni swali hilo hujibiwa na watu wanaojuana. Katika makao ya bara hujibiwa na karatasi, na karatasi si kitu kilichojaa katika nyumba za wavuvi.

Pengine siasa zenyewe zimeonyesha kwamba pande mbili za mstari si nchi moja yenye mawazo mamoja. Mwaka 2010 Kigoma Kaskazini ilimrudisha Zitto Kabwe wa Chadema, na Kigoma Kusini ikamchagua David Kafulila wa NCCR-Mageuzi. Wote wa upinzani, lakini wa vyama viwili tofauti. Mwaka 2015 Zitto aligombea Kigoma Mjini kwa chama kipya cha ACT-Wazalendo na akashinda, na majimbo mawili ya vijijini yakaenda CCM. Si busara kujenga nadharia kubwa juu ya matokeo ya uchaguzi mmoja au miwili, maana mgombea, chama na siku vina nguvu zao. Yatosha kusema kwamba mji wa liwali umeendelea kwenda na hesabu yake, kama ulivyofanya mwaka 1926.

Limebaki suala la majina, ambalo kwa wasomaji wa lugha si dogo. Majina ya majimbo ya Kigoma ni ya namna tatu. Ya kwanza ni ya dira: Kaskazini, Kusini. Jina la dira halimtaji mtu yeyote, na kwa hiyo halimkosei mtu. Bali pia halimtambui. Ya pili ni ya makao ya utawala, kama Buhigwe, lililochukua nafasi ya Manyovu mwaka 2015. Ya tatu ni ya tawala za kale, Muhambwe na Buyungu, ambayo yalidumu kama majina ya majimbo nusu karne baada ya machifu kuondolewa, ilhali wilaya zao ziliitwa Kibondo na, baadaye, Kakonko. Kwa mwambao wa ziwa haikupata kuwapo namna ya tatu. Hakuna jimbo lililoitwa Ukaranga, wala Utongwe.

Majina yenyewe hubeba alama za lugha kuliko wachora mipaka wanavyodhani. Katika Kirundi na katika Kiha kisemwacho na wengi, kiambishi ki- hugeuka gi- kinapotangulia silabi yenye konsonanti isiyo na sauti ya koo. Ndiyo kanuni iitwayo kwa jina la Dahl. Kwa hiyo mji wa Burundi ni Gitega, na wasemaji wenyewe huiita lugha yao Giha. Kigoma na Kidahwe zimebaki na k kwa kuwa g na d zina sauti. Mtu aliyekaa ofisini Dar es Salaam huziona Kiha, Kigoma na Kidahwe kuwa na kiambishi kimoja, naye asema kweli kwa Kiswahili. Masikio ya milimani husikia viwili. Vivyo hivyo Luguru na Ruguru, Luchugi na Ruchugi, Malagarasi na Malagarazi huandikwa kila kimoja kwa mkono wa karani wake, na hati za mpaka hazikupata kukubaliana. Mto utajwao katika hati moja kwa l na katika nyingine kwa r umekwisha kuwa sababu ya kutosha ya ugomvi wa vijiji.

Mwezi wa Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake wa majimbo. Kipimo kilikuwa watu 400,000 kwa jimbo la vijijini na 600,000 kwa la mjini, na majimbo mapya 8 yaliongezwa nchini, yote nje ya Mkoa wa Kigoma, ijapokuwa sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa huo watu 2,470,967. Kigoma Kaskazini na Kigoma Kusini yalibaki yalivyokuwa, na Kidahwe ikabaki mpakani. Badiliko moja tu liliufikia Mkoa: jimbo la Buyungu liliitwa tangu siku hiyo Kakonko.